Hazina ya Herefordshire: sarafu kama 300 zilitoka ardhini, zimerudi 30 hivi

Hii kesi ya Herefordshire watu wengi wanaijua kwa kichwa cha habari tu, kwamba jamaa wawili Uingereza waliokota hazina ya enzi za Waviking (wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia) wakaificha wakafungwa, basi. Ukiishia hapo unatoka na picha kwamba ni wizi kama wizi mwingine na hasara yake ni hela. Mimi nimeifuatilia muda sasa na naona hasara kubwa ilitokea pale shambani, siku ileile, kabla hata sarafu moja haijauzwa, na hiyo hakuna jaji wala polisi wa kuirudisha. Kwa hiyo naomba tuipitie taratibu, hasa sisi tunaopenda sarafu za zamani na hizi mashine za kuzitafutia.

Ilikuwa tarehe 2 Juni 2015. Jamaa wawili kutoka kusini mwa Wales, wote wazoefu wa ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, walienda kwenye mashamba ya karibu na kijiji cha Eye, jirani na mji wa Leominster, kaunti ya Herefordshire. Majina yao yapo kwenye rekodi za mahakama, hapa sina haja nayo. Mashine ikalia, wakachimba, wakakutana na kitu ambacho wengi wetu tutazeeka bila kukiona: bangili ya dhahabu yenye kichwa cha nyoka, pete nene ya dhahabu yenye pembe nane, kidani cha tufe dogo la jiwe angavu lililofungwa kwa dhahabu, silva iliyoyeyushwa ikamiminwa kuwa kipande cha mche, na sarafu za silva, kama 300 kwa makadirio yaliyofika mahakamani. Wakaondoka nazo zote. Mwenye ardhi hakuambiwa, mamlaka hazikuambiwa.

Sasa kabla ya kwenda kwa polisi na mahakama nataka tukae kwanza kwenye lile shimo.

Ditekta inafanyaje kazi? Ile sahani ya chini ina waya umezungushwa, inapeleka uga wa sumaku ardhini, metali ikiguswa na huo uga inazalisha mkondo wake mdogo wa umeme, mashine inaunasa na kukupigia mlio. Silva inapitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine yoyote ndo maana mlio wake uko wazi hata kwa sarafu nyembamba. Sarafu moja ikizidi kina cha sentimita 20 au 25 hivi mashine nyingi zinaanza kupata shida, ila rundo la sarafu pamoja na dhahabu unalisikia kwa kina zaidi. Yaani mashine inakufikisha juu ya kitu kwa usahihi mkubwa sana, halafu inaishia hapo. Haikuambii kimekaaje, kimezikwa ndani ya nini, wala kiliwekwa mara moja au mara mbili. Hayo yako kwenye udongo, na udongo ukishauchota kwa sepetu umemaliza kazi.

Na hapa kuna tofauti ambayo watu wengi wa ditekta wanaipuuza. Udongo wa juu, ule unaopinduliwa na trekta kila msimu, umeshavurugwa miaka nenda rudi, sarafu moja iliyodondoka humo jembe limeshaiburuta huku na huku, ukiichukua kwa ruhusa na ukaandika sehemu kamili ulipoipata hujaharibu kitu kikubwa, tena umesaidia. Lakini hazina iliyozikwa kwa makusudi ni habari nyingine kabisa, maana kuna mtu alichimba shimo akaweka vitu kwa mpangilio wake, na ule mpangilio ndo maneno yake ya mwisho.

Angalia kile kidani. Wataalamu wanakiweka karne ya 5 au ya 6. Sarafu zilizokuwa nacho ni za karibu mwaka 878 au 879. Kwa hiyo kidani kilikuwa na miaka karibu 300 au zaidi siku kinaingia ardhini! Kilifikaje kwenye mzigo mmoja na hela za karne ya 9? Kilikuwa mali ya ukoo imerithiwa vizazi na vizazi? Kiliporwa kwenye kanisa? Kilifukuliwa kaburini na watu wa zama hizohizo? Kilikuwa kwenye mfuko mmoja na sarafu, au kilifungwa peke yake kwenye kitambaa kama kitu cha kutunzwa? Mfuko wa ngozi ukioza unaacha doa kwenye udongo, nyuzi za kitambaa zinaganda kwenye kutu ya silva, vitu vilivyowekwa chini vinatofautishwa na vilivyowekwa juu. Mwanaakiolojia mwenye brashi na uvumilivu wa siku mbili angeweza kujibu baadhi ya maswali hayo. Leo kidani kipo, kimepona, ukikiangalia unakiona kizuri, ila hakiwezi kukujibu hata moja.

Hiyo ni upande wa vito. Kwenye sarafu ndo inauma zaidi.

Mwaka 878 Alfred mfalme wa Wessex, ufalme wa kusini mwa England, alikuwa ametoka kunusurika. Waviking walimvamia mwanzoni mwa mwaka akakimbilia kwenye mabwawa ya Somerset, mwezi Mei akakusanya watu akawapiga pale Edington, kiongozi wao Guthrum akakubali kubatizwa, na baadaye lile jeshi likaelekea East Anglia, upande wa mashariki. Hiyo ni stori maarufu. Jirani yake upande wa kaskazini kulikuwa na ufalme wa Mercia, mfalme wake Burgred alikuwa ameshakimbia mwaka 874, akakaa mtu anaitwa Ceolwulf wa pili. Huyu Ceolwulf, kitabu cha matukio ya miaka kilichoandikwa baadaye, miaka ya 890, kwenye mazingira ya Alfred mwenyewe, kinamtaja kama mtumishi mjinga wa mfalme aliyewekwa na Waviking kama kibaraka. Baada ya 879 hivi anapotea kabisa, na Mercia ya magharibi inaingia kwenye himaya ya Alfred. Historia ya walioshinda, iliyoandikwa na walioshinda.

Halafu inakuja sarafu. Kuna aina wanaiita Makaisari Wawili kwa sababu upande mmoja ina watu wawili wamekaa bega kwa bega na juu yao kiumbe chenye mabawa, mchoro umeigwa kwenye sarafu za dhahabu za Roma ya mwisho. Aina hii ilipigwa kwa jina la Alfred na ikapigwa pia kwa jina la Ceolwulf, mchoro uleule. Yaani hawa wawili walikuwa na sarafu ya pamoja, na wafalme hawakubaliani hela kama hawaaminiani angalau kidogo. Kama ni hivyo basi yule "mjinga" alikuwa mshirika kamili wa Alfred, na kuna watu walikuja kumfuta kwenye karatasi baadaye. Kabla ya 2015, za aina hii zilikuwa zinajulikana 2 tu dunia nzima, moja ya Alfred na moja ya Ceolwulf. Sarafu mbili unaweza kusema ni bahati, ni kumbukumbu ya sherehe, ni jaribio la fundi mmoja. Hazina ya Herefordshire ilikuwa nazo zaidi.

Kwa hiyo pale shambani kulikuwa na rundo kamili la hela zilizokuwa zinazunguka wakati wa mapatano hayo, na rundo kamili lina thamani ya kipekee kwa sababu unaweza kuhesabu. Ngapi za Alfred, ngapi za Ceolwulf, mafundi gani wamezipiga, zipi zimechakaa na zipi bado mpya, mihuri mingapi ya kugongea sarafu ilitumika. Kutoka kwenye hesabu hizo unajua nani alikuwa anazalisha hela nyingi, na kwa muda gani. Ukiwa na 30 kati ya 300, tena 30 ambazo zimebaki kwa sababu polisi walizipata kabla hazijauzwa, huwezi kuhesabu chochote cha maana. Zilizopotea ndo zingekuwa ushahidi.

Haya, wale jamaa walifanya nini baada ya hapo. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, inasema ukipata kitu ambacho unaamini ni hazina unamtaarifu korona, yule ofisa wa serikali anayeshughulikia vifo vya utata na pia mambo ya hazina, ndani ya siku 14. Kivitendo watu wanampigia ofisa wa mradi wa PAS, ule wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na raia, anawasaidia kila hatua. Simu moja. Jamaa badala yake walianza na wafanyabiashara wa sarafu, wakataka kujua bei. Zaidi ya mwezi ukapita, Julai ndo wakaenda jumba la makumbusho Cardiff wakiwa na vile vito vya dhahabu na sarafu chache tu, kana kwamba hakuna kingine.

Wakati huo tetesi zimeshaenea. Watu wa ditekta wanaongea, hii sio siri, ukipata kitu kikubwa huwezi kukaa nacho rohoni. Ofisa wa PAS wa eneo lile alisikia kwamba kuna hazina kubwa sana imetoka na haijafika mezani, akawaandikia kuwauliza na kuwakumbusha sheria. Hapo walikuwa bado na mlango. Wakakana.

Kilichowamaliza ni simu. Walikuwa wamepiga picha, wakazifuta, polisi wakazirudisha. Picha zinaonyesha vito vikiwa na udongo wake na sarafu nyingi mno kuliko zile zilizopelekwa makumbusho, na makadirio ya 300 kwa sehemu kubwa yanatokana na hapo. Halafu sarafu zikaanza kuonekana sehemusehemu, mfanyabiashara mmoja alipeleka baadhi kwenye nyumba ya mnada London, mwingine alikutwa na 5 ameshonea ndani ya kifuko cha lenzi ya kukuzia. Mtu mwenye mali halali hashonei sarafu kwenye kifuko.

Mahakama ya Worcester ikawatia hatiani mwezi Novemba 2019. Mmoja miaka 10, mwingine miaka 8 na nusu, baadaye rufaa ikashusha mpaka 6 na nusu na 5. Wafanyabiashara wawili nao waliadhibiwa. Watu wengi walishangaa ukubwa wa kifungo kwa sababu kosa la kutoripoti peke yake kwenye ile sheria linaishia miezi 3 jela, ila hawa walishtakiwa kwa wizi na kula njama ya kuficha na kugeuza mali ya uhalifu, na hapo mizani ni nyingine. Thamani ya mzigo ilikadiriwa kati ya pauni milioni 3 na milioni 12. Mwaka 2022 ikaja amri nyingine, kila mmoja alipe zaidi ya pauni laki 6 au aongezewe kifungo, kwa hoja kwamba mali bado wanayo au wameshaifaidi.

Sasa linganisha na hili, na ndo sehemu inayonifanya niamini kwamba haikuwa lazima iwe hivi. Oktoba 2015, miezi minne tu baadaye, mstaafu mmoja alikuwa na ditekta yake kwenye shamba karibu na Watlington, kaunti ya Oxfordshire. Akapata kipande cha silva, halafu akaona sarafu, akaona ni rundo. Akasimama, akafunika, akapiga simu PAS. Ofisa alipokuja hawakuchomoa sarafu moja moja, walikata bonge lote la udongo likiwa na kila kitu ndani, wakalizungushia nailoni ya jikoni lisivunjike, likasafiri mpaka British Museum. Huko likapigwa eksirei kwanza ndipo likachimbwa ndani ya maabara, kidogokidogo, chini ya darubini. Zikatoka sarafu kama 200, miche 15 ya silva na vipande 7 vya vito. Zama zilezile, wafalme walewale, Alfred na Ceolwulf. Na humo kulikuwa na Makaisari Wawili 13.

Hizo 13 ndo zimebadilisha historia ya Ceolwulf, kwa sababu kila moja inajulikana ilikaa na vitu gani. Hazina mbili zinazofanana hivyo, zimetoka ndani ya mwaka mmoja, zingewekwa mezani pamoja zikalinganishwa, moja ya magharibi karibu na mpaka wa Wales na moja ya bonde la Thames, si tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo? Tumebaki na mguu mmoja.

Na hela? Makumbusho ya Ashmolean ya Oxford yalinunua hazina ya Watlington mwaka 2017 kwa pauni milioni 1.35. Utaratibu ni kwamba kamati huru inathamini kwa bei ya soko, makumbusho yakitaka yanalipa, na kawaida zawadi inagawanywa nusu kwa aliyepata na nusu kwa mwenye ardhi. Piga hesabu ya Herefordshire kwa kile kiwango cha chini kabisa, milioni 3. Nusu ni milioni 1.5, wako wawili, pauni 750,000 kila mmoja, halali, na majina yao kwenye maelezo ya makumbusho kwa heshima. Hiyo ni kama ruhusa ya mwenye ardhi iko sawa, maana anayechimba bila ruhusa anaweza kukatwa zawadi au kunyimwa kabisa. Nimeshasikia hoja kwamba serikali ingewadhulumu, kwamba utaratibu unachukua muda mrefu. Ni kweli unachukua muda, mwaka na zaidi ni kawaida, na kwa mtu mwenye shida hiyo si ndogo. Lakini hela ipo na inalipwa, Watlington ni mfano ulio hai.

Wengine wanasema tatizo ni mashine zenyewe, zipigwe marufuku. Sikubaliani hata kidogo. Vitu vilivyosajiliwa na PAS tangu ianze mwaka 1997 vimepita milioni 1.5, na sehemu kubwa vimeletwa na watu wa ditekta, watu wa kawaida wanaotembea mashambani wikendi. Sheria yenyewe ya 1996 ilichochewa na uporaji wa miaka ya 1980 pale Wanborough, Surrey, ambako watu waliingia usiku kwenye hekalu la Kirumi wakaondoka na maelfu ya sarafu za kale, na sheria ya wakati ule ilikuwa dhaifu mno kuwabana. Ilionekana ni bora kumpa mtu sababu ya kuripoti. Ila maeneo ya kihistoria yaliyoorodheshwa na serikali ni mwiko, tangu sheria ya 1979 kutumia ditekta pale bila kibali ni kosa hata kama hujachimba kitu, na naona hapo wako sahihi kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa lilianzia wapi, siwezi kusema kwa mfanyabiashara wala Cardiff. Lilianza pale sarafu ya pili ilipotoka wakaendelea kuchimba. Moja ni bahati, mbili sehemu moja ni dalili, na kipande cha dhahabu kikiwa pembeni ni amri ya kuacha. Unaweka mashine chini, unapiga picha ya shimo kutoka juu na pembeni, unaweka kitu cha kuonyesha ukubwa, unaandika jira za GPS, unarudisha udongo taratibu, unampigia mwenye ardhi, unampigia ofisa. Usisafishe kitu, hata kwa mate. Huo uchafu uliogandia ndo wenye nyuzi na ngozi. Na kama unaogopa mtu mwingine ataiba usiku, kaeni hapo mkipokezana zamu, hazina haitoroki.

Vitu vilivyopatikana vimeishia pazuri, watu wa makumbusho ya Hereford walifanikiwa kuchangisha wakavinunua kwa pauni 776,250 vikae kwenye kaunti vilikotoka. Sarafu nyingi bado ziko nje. Mwaka 2023 mahakama ya Durham iliwatia hatiani watu wengine wawili waliojaribu kuuza sarafu 44 za zama hizohizo za Alfred na Ceolwulf ambazo hazikuripotiwa popote. Maana yake soko la magendo la hizi sarafu ni la kweli na wanunuzi wapo, wengine wananunua kwa nia njema bila kujua.

Kama wewe ni mkusanyaji na umeletewa sarafu ya Alfred au Ceolwulf, muuzaji anasema ni ya babu yake au ya mkusanyiko wa zamani, mwambie alete ushahidi wa kabla ya 2015: orodha ya mnada, risiti, picha yenye tarehe, namba ya usajili. Angalia kama ni Makaisari Wawili, kwa sababu kabla ya mwaka huo zilikuwa 2 na zote zinajulikana, 13 za Watlington ziko Oxford, kwa hiyo nyingine yoyote anayekuletea mtu mfukoni lazima ieleze imetoka shimo gani. Akishindwa kueleza usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Piga picha ukiruhusiwa, mpigie ofisa wa PAS au polisi, waambie umeiona wapi na kwa nani. Hata moja ikirudi na jina la fundi wake linasomeka, inaongeza mstari kwenye orodha ya mafundi wa Ceolwulf, na orodha hiyo bado ni fupi.